Makofi kanisani: jinsi ya kujua yapigwe lini, yaachwe lini, na unayaongozaje

Huu mjadala wa makofi ibadani unaharibika mapema sana kwa sababu watu wanabishana kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe mmoja anatetea makofi ya kufuata mdundo wa wimbo na mwenzake anapinga makofi ya kumpongeza mwimbaji, wote wana mistari yao ya Biblia na wote wanaondoka wamenuna. Kwa hiyo kabla hujapeleka hoja kwa mchungaji au kwenye kamati ya ibada, chukua karatasi, kaa nyuma kanisani Jumapili moja, andika ni wapi hasa watu wanapiga makofi. Utakuta yapo ya kwenye nyimbo za sifa, yapo ya "mpigieni Bwana makofi", yapo baada ya kwaya, baada ya ushuhuda, kwenye matangazo mgeni akitambulishwa, na katikati ya mahubiri mhubiri akigusa penyewe. Usitafute jibu moja la yote hayo, halipo.

Sasa maandiko, maana utaulizwa. Zaburi 47:1 ndiyo silaha ya wapenda makofi na wana haki nayo, pale watu wote wanaambiwa wapige makofi na kumshangilia Mungu, wazi kabisa. Zaburi 98:8 na Isaya 55:12 zitumie kwa uangalifu, huko wanaopiga makofi ni mito na miti, mtu mjanja kwenye kikao atakuuliza kwani sisi miti. Halafu kuna 2 Wafalme 11:12, Yoashi anatawazwa hekaluni, watu wanapiga makofi na kusema mfalme aishi, yaani makofi ya kumshangilia mtu, ndani ya eneo la hekalu, na hakuna anayekemewa. Ila hayo ni ya kutawaza mfalme, si ya solo ya soprano. Na usiwafiche watu upande wa pili: Maombolezo 2:15, Ayubu 27:23 na Nahumu 3:19 zina makofi ya dhihaka, watu wanapiga mikono wakifurahia maangamizi ya mwingine. Yaani kofi lenyewe halina utakatifu wowote, linabeba kile kilichomo moyoni mwa anayelipiga.

Agano Jipya? Kimya. Waefeso 5:19 na Wakolosai 3:16 zinataja kuimba, makofi hayatajwi wala hayakatazwi. Wapo wanaouchukua ukimya huo kama katazo, kwa mfano wengi katika yale Makanisa ya Kristo yanayoimba bila vyombo, kwao mikono ikishika mdundo imeshakuwa chombo. Mimi sikubaliani nao lakini angalau wana msimamo unaoeleweka, kuliko kanisa lenye ngoma, gitaa la besi na kibodi mbili halafu linakataza makofi kwa hoja ya utulivu.

Makofi ya kupongeza mtu ndiyo yenye kesi ya zamani. Paulo wa Samosata, askofu wa Antiokia, aliondolewa kwenye uaskofu karibu mwaka 268 kwa mambo makubwa ya mafundisho, lakini maaskofu waliomhukumu waliandika pia kwenye barua yao, ambayo Eusebio, mwanahistoria wa kanisa wa kale, ameihifadhi, kwamba alikuwa anataka apigiwe makofi na kupungiwa vitambaa kama kwenye jumba la maigizo na anawafokea waliokaa kimya. Kama una MC au kiongozi wa sifa anayesema "hayo makofi hayatoshi, hebu piga kama umeokoka", mwambie taratibu kwamba lalamiko hilo lina zaidi ya miaka 1,700. Na Yohana Krisostomo wa karne ya nne, mhubiri hodari kuliko wote wa zama zake, aliwahi kuhubiri kuwataka watu waache kumpigia makofi wakati wa mahubiri, akapendekeza iwekwe kanuni kabisa, na hapohapo wakampigia makofi! Ikabidi awaulize mbona mnapiga wakati ndicho ninachowakataza. Alikiri pia kwamba makofi yalikuwa yanamfurahisha, na hapo ndipo nampendea, wahubiri wengi hawasemi hivyo.

Kwa Wakatoliki, Joseph Ratzinger kabla hajawa Papa Benedikto XVI aliandika kwamba makofi yakilipuka kwenye liturujia, yaani ibada rasmi ya kanisa, kwa sababu ya mafanikio ya mwanadamu, basi liturujia imegeuka burudani ya kidini. Maneno makali. Lakini kwenye ibada ya daraja takatifu, yaani ya kuwaweka wakfu mashemasi, mapadre na maaskofu, ya kanisa hilohilo, waamini wanaruhusiwa kuonyesha kukubali kwao mteule anayewekwa wakfu kwa namna ya mahali pao, na sehemu nyingi namna yenyewe ni makofi. Hakuna mgongano hapo, yale ni jibu la jumuiya kwa tendo la ibada, ni kama Waorthodoksi wanavyoitikia "Axios", yaani anastahili. Kwa hiyo kama uko kanisa lenye liturujia iliyopangwa usianze na maoni yako, anza na paroko au kitabu cha ibada.

Haya, tuje kwenye kupima. Kwa kila makofi uliyoandika kwenye karatasi jiulize: yakiisha, watu wanamwangalia nani na mioyo yao iko wapi? Makofi ya mdundo karibu siku zote yanapita, kusanyiko lote linashiriki na hakuna anayetazamwa. Watumwa weusi kule South Carolina, Marekani, walikatazwa ngoma kwa sheria ya mwaka 1740, mikono na miguu ikawa ndiyo ngoma, kwa hiyo anayeyaita mambo ya disko aelezwe kwanza historia. Makofi ya shangwe kwa Mungu, mtu kapona, mtu kabatizwa, nayo yanapita yakija yenyewe. Ya baada ya kwaya ndiyo ya kupima vizuri: kama kwaya imeimba wimbo wa toba na watu wanalipuka kwa sababu yule wa sauti ya kwanza kapanda juu sana, toba imekufa pale pale.

Dawa yake si kukemea. Tafadhali usichukue maiki ukaanza somo la "hatupigi makofi hapa" wakati waimbaji bado wamesimama mbele hawajui waweke wapi mikono. Panga mapema. Atakayeomba awe ameshasimama kwenye maiki kabla ubeti wa mwisho haujaisha, mpiga kibodi ashikilie kodi ya mwisho, yaani zile noti zinazopigwa pamoja, bila kuikata, na sauti ya waimbaji ikishuka tu mwombaji aingie na "Bwana, tunakuja mbele zako" juu ya kodi ile ile. Ile nafasi ya sekunde mbili ambayo makofi huzaliwa inakuwa haipo, hakuna aliyeaibika, na baada ya wiki kadhaa watu wanazoea. Mwisho wa ghafla wenye matoazi ndio unaoita makofi, hata umwombe nani, kwa hiyo kama hamuyataki msipange wimbo uishe hivyo.

Kuongoza makofi ya mdundo nako kuna ufundi. Tatizo kubwa ni kwamba kusanyiko hukimbia, wimbo unaanza taratibu unaishia mbio, na ukumbi ukiwa mkubwa wa nyuma nao wanaachwa na mdundo maana wanasikia sauti ikiwa imechelewa. Kwaya nzima iongoze kwa mikono inayoonekana, juu ya kifua, wakiangalia mpiga ngoma na si watu. Na anayeimba kwenye maiki asipige kabisa, afanye ishara tu, kofi moja karibu na maiki linapasua masikio ya watu. Ukitaka makofi yaishe, usiseme "acheni", shusha mikono yako, ngoma ikae kimya ubeti mzima, watu watafuata wenyewe. Wimbo wa polepole wa kuabudu usiulazimishie makofi, ukiona yamekufa katikati yaache yafe.

Watoto wakiimba pigeni, jamani. Mtoto wa miaka mitano akimaliza mstari wake akakuta ukimya hatajua kwamba ni heshima, atajua kakosea. Kama kanuni yenu ni kali basi wafundisheni watu kuitikia "Amina" kwa nguvu, na waambieni watoto mapema kwamba amina ile ni yao pia. Amina inafanya kazi hata baada ya ushuhuda na mahubiri, makanisa mengi ya Wasabato huitumia hivyo. Kama mna waumini viziwi, waambieni wengine kwamba makofi yao ni mikono juu inayotikiswa.

Ya kwenye matangazo, kumkaribisha mgeni, wanandoa, waliofaulu mitihani, hayo mimi sina neno, ni adabu ya kawaida tu. Shida ni matangazo yakiwekwa kati ya mahubiri na meza ya Bwana, makofi matatu ya protokali halafu watu waambiwe wajihoji mioyo. Sogezeni matangazo mwanzo kabisa au mwisho baada ya baraka, robo tatu ya ugomvi inaisha bila kikao.

Na kama wewe ni mgeni tu kwenye kanisa la watu, angalia mstari wa mbele, wakipiga piga, wakinyamaza nyamaza, maswali yako muulize mwenyeji mkishatoka nje.