Kuchonga Namba ya Usajili Isiyofutika Ndani ya Chombo

Namba iliyopakwa rangi kwenye ubavu wa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo cha baharini, imekusudiwa kusomwa kwa mbali na watu wa doria, lakini mwizi mwenye msasa na brashi huibadilisha kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mwenye chombo, awe Msimbati, Mikindani au Kilwa Masoko, anashauriwa kuichonga ndani namba ileile iliyo kwenye hati ya usajili, mahali ambapo haiwezi kuondolewa bila kuacha jeraha.

Uchaguzi wa mahali ndio kazi yenyewe. Katika mashua na dau, panapofaa ni boriti nene inayoshika mlingoti, kwa kuwa haibadilishwi ovyo wala haizamishwi na maji ya ngama, yanayojikusanya chini ndani ya chombo. Ubao wa ubavuni ni mwembamba, na patasi ikikaribia kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, hukaribisha uvujaji. Katika ngalawa, chonga gogo lenyewe, kwenye unene wa tezi (sehemu ya nyuma), kwa maana matengo, yale maboya ya mti ya ubavuni, hufunguliwa na kubadilishwa wakati wowote.

Mti uwe mkavu. Chombo kikipandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, hukaa juu takriban wiki mbili hadi bamvua lijalo, na muda huo unatosha, hasa katika miezi ya kiangazi.

Pima urefu wa tarakimu kama ofisi iliyokusajili inavyoelekeza. Nchini Marekani, kwa mfano, namba rasmi ya ndani haipaswi kupungua inchi 3, na kipimo hicho husomeka vizuri hata gizani kwa kurunzi. Chora kwa kutumia kigezo cha karatasi ngumu, mwombe mtu mwingine ailinganishe na hati, kisha chonga kwa patasi kali kina cha milimita 3 hivi. Kwa kuwa 3 hugeuzwa kuwa 8 na 1 kuwa 4 kwa urahisi, zungushia namba nzima fremu iliyochongwa, inayoibana ili pasipatikane nafasi ya kuongeza tarakimu. Jaza mifereji rangi ya mafuta, futa iliyozidi, na ikikauka upake mti sifa, yaani mafuta ya samaki ya kuhifadhi mbao.

Boti ya faiba isichongwe, kwa kuwa ganda la juu likivunjika maji hupenya kwenye nyuzi. Gonga tarakimu kwenye kibati cha chuma kisichoshika kutu, kwaruza mahali pake kwa msasa, kigandishe kwa rezini, kisha ukifunike kwa tabaka jembamba la nyuzi na rezini inayoonyesha, ili anayekibandua alichane tabaka lote. Skurubu peke yake hazifai, bisibisi huzimaliza.

Piga picha ya namba hiyo pamoja na sehemu inayoizunguka, uonyeshe afisa uvuvi wa halmashauri na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni. Fundi akilazimika kubadilisha boriti yenye namba, kipande cha zamani kisitupwe wala kuchomwa kabla ya afisa kukiona na namba kuchongwa upya mbele ya mashahidi.