Kutambua uwiano wa difu ya lori la zamani
Wenzangu wa Tanga mnaofufua malori ya zamani yaliyobeba mkonge, nawaomba msiagize krauni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu, yaani kisanduku cha gia cha ekseli ya nyuma, ambazo hesabu ya meno yake ndiyo hutoa uwiano) kwa kutegemea kibao cha ekseli peke yake, kwa sababu chumvi ya upepo wa bahari hufuta maandishi yake, na mara nyingi ekseli yenyewe ilikwisha kubadilishwa na mafundi waliotangulia. Zuieni magurudumu ya mbele kwa kabari, inueni upande mmoja tu wa nyuma na kuuegemeza juu ya stendi imara, wekeni gia huru, legezeni breki ya mkono, kisha pigeni alama za chaki kwenye tairi na kwenye propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi hadi kwenye difu. Zungusheni gurudumu hilo mara 20 huku mwenzenu akihesabu mizunguko ya propela, halafu gawanyeni kwa 10, wala si kwa 20, kwani gurudumu la pili likiwa limesimama, hili lililoinuliwa huzunguka maradufu. Bila kufungua difu, sioni kipimo cha kuaminika zaidi. Mizunguko 68 na kidogo ni uwiano wa takriban 6.83, yaani meno 41 ya krauni kwa 6 ya pinioni. Ikikaribia 58 na nusu, ni 41 kwa 7. Ekseli yenye gia mbili ipimwe katika kila gia.