Kumwekea mtoto asiyeongea Cboard kwenye simu, hatua kwa hatua

Nafundisha kitengo cha mahitaji maalumu, watoto wangu wengi wana usonji au mtindio wa ubongo, na wazazi wananiuliza kila siku, mwalimu mwanangu haongei ila anaelewa kila kitu, nifanyeje? Mimi naanza na Cboard. Ni apu unayoipakua bure, mtoto anagusa picha simu inatamka neno, inaingia kwenye simu ya kawaida ya Android na ukishaiweka inafanya kazi hata bando likiisha.

Kuna watu watakuambia akizoea simu ndo hataongea kabisa. Usiwasikilize, tafiti zimeliangalia hilo miaka mingi na hazijakuta picha zikimzuia mtoto kuongea, wengine hata maneno ya mdomoni yanaongezeka.

Hatua ya 1. Simu iache kwanza, chukua daftari. Siku mbili andika kila anachokulilia au kukuvuta mkono ukampe, humo ndo utapata picha za kwanza. Zisizidi 8. Na kati ya hizo lazima ziwemo "sitaki", "tena" na "basi", maana wazazi wengi wanajaza vyakula tu, uji, chai, andazi, mtoto anakosa pa kukatalia anaishia kurusha kikombe halafu anaambiwa mtukutu.

Hatua ya 2. Fungua apu, gusa kufuli mara 4 ndo inakubali kubadilishwa. Tengeneza ubao mpya, yaani ukurasa wa picha zake, ongeza picha kwa alama ya kujumlisha. Piga picha kikombe chake mwenyewe, kile cha plastiki chenye mpasuko, anakijua kuliko mchoro wowote.

Hatua ya 3. Sauti. Sauti ya simu ikisoma Kiswahili mara nyingine inatamka kizungu, kwa hiyo rekodi mwenyewe kwenye kila picha, na useme maneno kamili, "nataka uji", sio "uji" peke yake. Ukiweza, bora zaidi urekodi sauti ya mtoto mwenzake. Nilikuwa na mvulana tuliyemrekodia sauti ya mama yake, wiki nzima hakuigusa, tukaja kumrekodi kaka yake, akagusa "tena", akatulia anasikiliza, akaangalia kaka yake, akagusa tena, akaanza kucheka mpaka mate yanamtoka.

Hatua ya 4. Funga kufuli, kisha ingia setingi za simu kwenye usalama uwashe kubandika programu, simu ibaki kwenye apu hiyo moja, la sivyo dakika mbili nyingi yuko kwenye katuni.

Hatua ya 5, hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Anza wewe kuongea kwa kuitumia. Unamimina uji, gusa picha ya uji huku unasema, kila siku, wiki hata tano, bila kumlazimisha na yeye aguse. Usimshike kidole ukambonyezea. Ukimuuliza kitu nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka 10, mkono wa mtoto mwenye mtindio unasafiri polepole na sisi watu wazima tunamkatisha akiwa kakaribia kufika. Na akigusa "sitaki", toa hiyo sahani saa hiyohiyo hata kama ulitamani ale, ajue neno lake lina nguvu.

Chaji itaisha tu siku moja mko njiani, so chora picha zilezile kwa mpangilio uleule kwenye karatasi, steshenari wakufunikie kwa plastiki, uiweke kwenye begi lake.