Somo: Nyoka mgeni na siku zake 90 za karantini

Wadau, salaam. Kila yanapoisha maonyesho ya reptilia huku Marekani swali ni lile lile: nimenunua chatu wa pili, nimweke na yule wa zamani? Usimweke. Somo hili namtolea mfano chatu mdogo wa Ghana, Togo na Benin, Python regius, kwa sababu wengi wetu ndiye tunayeanza naye.

Hatua ya 1: Chumba. Mgeni akae chumba kingine kabisa, mlango ukifungwa. Shelfu ya chini ya yule wa zamani haihesabiki, maana utitiri wa nyoka hutembea wenyewe. Kama unaishi chumba kimoja, mwombe jamaa asiye na nyoka akutunzie.

Hatua ya 2: Kizimba. Tandika tishu nyeupe za jikoni, weka bakuli la maji na maficho mawili ya boksi la karatasi utakayoyatupa. Magome na mapambo yasubiri. Juu ya karatasi nyeupe kila kitu kinaonekana: kinyesi, damu, vidoti vyeusi vinavyotembea. Upande wa moto uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, wa baridi 25 hadi 27, na themostati, kifaa cha kudhibiti joto, ni lazima. Nyoka aliyepoa hasagi chakula vizuri, na kinga yake hushuka.

Hatua ya 3: Mikono yako. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hamu tu ya kumshika mgeni. Hudumia wa zamani kwanza, mgeni awe wa mwisho, kisha nawa kwa sabuni na ubadilishe shati. Koleo la kulishia, bakuli na taulo vya mgeni visitoke chumbani mwake.

Hatua ya 4: Ukaguzi. Mwinue kidevu kwa kidole, tazama ule mfereji wa chini ya taya, halafu pale magamba yanapokutana na jicho. Utitiri hujibana hapo, mdogo kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa. Mpitishie tishu nyeupe yenye unyevu mwili mzima, kisha chungulia sakafu ya bakuli la maji, kwani wengine hufia humo. Nyoka anayeshinda majini siku nzima mshuku.

Kifua nacho kina dalili zake. Nyoka hawezi kukohoa makohozi yakatoka kama sisi, kwa hiyo yanabaki ndani. Utaona mapovu mdomoni, utasikia mluzi, au atainua shingo na kupumua mdomo wazi. Hilo ni la daktari, tena wa reptilia. Wa mbwa na paka huenda asijue la kufanya. Mpime uzito kila wiki kwa mzani wa jikoni na uandike.

Hatua ya 5: Chakula. Mwache wiki moja atulie, ndipo umpe panya. Chatu huyu kwa kususa hajambo, usitishike mapema kama uzito haushuki. Akitapika, mpumzishe wiki mbili bila kumshikashika. Akirudia, na katikati ya mwili pamevimba, apimwe kriptosporidiamu, kijidudu cha tumboni. Ugonjwa huo hauna tiba ya uhakika, na jiki haiviui vijidudu vyake.

Hatua ya 6: Vipimo. Peleka kinyesi kibichi, na daktari achukue ute wa mdomoni kwa ajili ya nidovirusi, virusi vinavyoshambulia kifua cha nyoka. Kama ni boa, aina nyingine ya nyoka anayeua kwa kubana kama chatu, ulizia pia reptarenavirusi, virusi vya nyoka vilivyogunduliwa mwaka 2012. Boa anaweza kuvibeba muda mrefu akiwa mzima machoni pako. Ndiyo maana tunataka siku 90, na kwa boa madaktari wengine husema miezi sita. Kipimo kimoja kikitoka safi usifungue mlango, rudia kabla ya kumaliza. Ukikuta utitiri siku ya 80, hesabu inaanza upya.

MASWALI YA WADAU

Kaka, nimeshauona utitiri. Nitumie ivermektini, ile dawa ya minyoo ya mbuzi?
Usikisie dozi, ndugu yangu. Na kama una kobe nyumbani, dawa hiyo kwake ni sumu. Daktari akupe dawa ya nyoka. Wewe badilisha karatasi kila siku na usugue nyufa za kizimba, kwani mayai hutagwa huko. Matibabu yanarudiwa kwa wiki kadhaa, kwa sababu mayai huanguliwa baadaye.

Nina mtoto wa miaka mitatu na mimi ni mjamzito. Nihofu?
Dada, hofu yako ina msingi. Nyoka mwenye afya tele hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Mtoto wa chini ya miaka mitano asimguse, na wewe mwachie baba kazi hiyo. Bakuli la nyoka lisioshwe kwenye sinki la jikoni.

Muuzaji anasema amezaliwa kizimbani, hivyo karantini haina haja.
Hilo linapunguza minyoo na kupe wa porini tu. Nidovirusi husambaa hasa kati ya nyoka wa kufugwa.

Niko Kilifi, nimemkuta chatu shambani. Karantini ni hiyo hiyo?
Huyo si wa kufuga, mzee wangu. Kenya inamlinda kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na bila kibali unavunja sheria. Waite KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, au kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu, wamezoea kazi ya kuondoa nyoka. Wakati unawasubiri, watoto na kuku wakae mbali, na asipigwe mawe.