Somo: Kupiga picha za Vesak mjini Colombo

Wengi mmeniomba nieleze zile picha zangu za taa za karatasi za Vesak, nilizopiga Colombo, Sri Lanka, zilivyopatikana. Haya, nitaeleza hatua kwa hatua, pamoja na kosa nililofanya.

Vesak ndiyo sikukuu kubwa ya Wabudha wa Sri Lanka. Huja na mwezi mpevu, kwa kawaida wa Mei, na hukumbuka mambo matatu kwa mpigo: kuzaliwa kwa Budha, kupata kwake nuru, na kufariki kwake. Mapumziko ni ya siku mbili, na pombe na nyama haziuzwi.

Hatua ya 1: Mavazi. Waumini huvaa nyeupe. Mgeni halazimishwi, ila mabega na magoti yafunikwe. Viatu na kofia huvuliwa mlangoni, na mchana mawe ya uani huunguza nyayo, kwa hiyo beba soksi.

Hatua ya 2: Asubuhi nenda hekaluni, kamera ibaki mkobani. Mimi nilikwenda Kelaniya, nje kidogo ya Colombo. Waumini wanaoshika amri nane za Kibudha kwa siku hiyo hushinda pale, na baada ya adhuhuri hawali tena. Bibi mmoja alikuwa anawasha utambi wa taa ya mafuta ya nazi, kiganja kimekinga upepo. Nikaona picha, nikabonyeza, flashi ikawaka. Alishtuka, njiti ikamzimikia mkononi. Hakunigombeza, alianza upya tu. Nilizima flashi, nikamwomba radhi kwa mikono, nikakaa chini pembeni karibu nusu saa. Mwishowe yeye mwenyewe akanisogezea kiberiti na kunionyesha kwa kidevu taa ambayo haijawashwa. Nilipomaliza kuiwasha, nikainua kamera kidogo kumuuliza, akatikisa kichwa kukubali. Nilipiga mikono yake tu, na hadi leo sina picha ninayoipenda kuliko hiyo.

Hatua ya 3: Pita kwenye dansala. Hivi ni vibanda vya sadaka: wali, mihogo ya kuchemsha, sharubati, hata aiskrimu, vyote bure kwa yeyote anayepita. Aliyewahi kusimamishwa barabarani akapewa tende na maji wakati wa kufuturu ataelewa mara moja. Panga foleni kama wengine, pokea, kula. Ukishakula kutoka mkononi mwa mtu, huwezi tena kumpiga picha kama mnyama wa mbugani, na yeye naye hakuoni mgeni.

Hatua ya 4: Jioni ziwa Beira. Hekalu la Gangaramaya liko hapo, na juu ya maji kuna hekalu dogo la Seema Malaka, kazi ya msanifu majengo Geoffrey Bawa. Jua huzama kama saa 12:20 jioni, na giza huingia upesi kama kwetu pwani. Una dakika 20 hivi ambazo anga ni ya buluu na taa zimeshawaka. Usizipoteze kutafuta pa kusimama, fika saa 11.

Pima mwanga kwenye taa yenyewe, si kwenye giza. Kwa simu, gusa taa kwenye kioo kisha shusha mwangaza mpaka mikunjo ya karatasi na vijiti vya mianzi vionekane. Kwa kamera, anza na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 na shata (muda wa kuingiza mwanga, kwa sekunde) 1/125 kama kuna watu.

Hatua ya 5: Thorana. Ni mbao kubwa zenye michoro ya visa vya maisha ya Budha yaliyopita, zimezungushiwa balbu nyingi zinazowaka kwa zamu. Hapa wengi hukosea. Ukipiga kwa shata ya haraka, nusu ya balbu hutoka zimezimika. Shusha hadi 1/4 au hata sekunde nzima, egemeza kamera kwenye ukingo wa daraja, na ubao wote utawaka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naruhusiwa kujipiga selfi na sanamu ya Budha?*
Usiipe sanamu mgongo, ndugu yangu. Ni kosa zito kule. Mwaka 2012 watalii 3 wa Kifaransa walipewa kifungo cha nje kwa picha walizopiga na sanamu, mmojawapo akiibusu. Mwenye tatuu ya Budha naye aifunike.

*Kaka, mimi ni Mwislamu. Nitalazimishwa kuabudu?*
Hapana, dada. Hakuna atakayekulazimisha kutoa maua wala kuinama. Ukikaa kimya pembeni umeshaheshimu. Chakula cha dansala mara nyingi hakina nyama, ila uliza.

*Mvua je?*
Mwishoni mwa Mei pepo za kusi huleta mvua kubwa. Funga kamera kwenye mfuko wa nailoni na subiri. Wenyeji hufunika taa zao kwa plastiki, na mvua ikikatika lami iliyolowa inabaki inang'aa rangi zote. Nilipiga nyingi wakati huo.

*Nauli sina. Hapa nyumbani nitajifunzia wapi?*
Dar es Salaam kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala (watu wa Sri Lanka) enzi za ukoloni, na lina mti wa bodhi, aina ya mti ambao Budha alipatia nuru chini yake. Nenda kwanza bila kamera, salimia, omba ruhusa, uulize Vesak wanaifanya lini.