Pima mfuko kabla hujaamini jani la kijani
Nauza maharage soko la Mbuyuni hapa Moshi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wateja wengi huja na mifuko mbadala wakidhani ni kitambaa. Ipime mwenyewe. Kata kipande kidogo pembeni, kishike kwa koleo, ukiwashe kwa kiberiti nje ya nyumba. Pamba huungua ikaacha majivu mepesi. Kikijikunja, kikayeyuka na kuacha kitone kigumu, hiyo ni plastiki, mara nyingi ya aina iitwayo polipropilini, hata kama mfuko umechorwa jani la kijani. Basi usiutupe! Utumie mpaka uchakae kabisa. Kinachoniuma ni watu kununua mpya kila wakija sokoni. Kikapu cha ukindu ndicho bora, na anayekuja nacho namtilia nyongeza.