Laptopu mpya ina Windows 10: uipandishe 11 au uiwache?

Swali huwa ni lilelile: fundi, nimenunua laptopu hapa mjini, safi kabisa, nimeiwasha tu yaniambia niweke Windows 11, nibonyeze ama niwache? Jibu langu ni usibonyeze leo. Sio kwamba 11 ni mbaya, la, Windows 10 yenyewe Microsoft washaiwacha tangu tarehe 14 Oktoba 2025, apdeti za kawaida za usalama zilisimama hapo, na mtu aingiaye iTax (mtandao wa kodi) na benki kwa mashine isiyozibwa matundu ajitafutia balaa. Kwa hiyo kuhama ni kuhama, ila kuna vitu vya kuangalia kwanza, na mpangilio wake una maana.

Tena tuambiane ukweli, nyingi ya hizi za Moi Avenue na Digo Road hapa Mombasa ni mpya kwako wewe tu, ni mashine za ofisi kutoka Uingereza zilizosafishwa zikatiwa kwa mkoba. Si vibaya, mimi mwenyewe nawaambia watu wanunue hizo kuliko zile mpya za bei rahisi zenye RAM ya 4GB iliyogandishwa kwa bodi, lakini zina siri zake.

Hatua ya 1: itumie kama ilivyo kwanza

Muda ule duka limekupa wa kurudisha, utumie kupima mashine. Kibodi yote herufi moja moja, kamera, spika, wifi, kila tundu la USB. Betri nayo usiangalie ile asilimia ya pale chini, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri, itafute kwa Start) uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili, ifungue utafute Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, hiyo betri ishazeeka, rudi dukani mkaongee.

Mbona nasema usipandishe kwanza? Manake ukipandisha leo na kesho wifi ianze kukatika, hujui ni draiva ya 11 au ni kadi mbovu tangu mwanzo, na mwenye duka ndo kabisaa, atakwambia ilitoka kwangu nzima, wewe ndo umeichokora. Na hapo huna la kumjibu.

Hatua ya 2: angalia prosesa, usiamini stika

Hapa ndo penye uamuzi wenyewe. Windows 11 kwa upande wa Intel yataka kizazi cha 8 kwenda juu, mbali na prosesa chache sana. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa Processor. Ukiona i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndo kizazi. i5-7300U ni cha 7, i5-6300U cha 6. Zikianza na 10 au 11, kama i5-1135G7, hicho ni cha 11, sio cha 1, kuna watu hupanic hapo bure.

Na jina la modeli lisikudanganye. HP EliteBook 840 G5 watu huichukua wakijua ni kizazi cha 8, kumbe zilitoka pia zenye cha 7, ganda ni moja, stika ni rahisi kubandua na kubandika nyengine. ThinkPad T480 hali kadhalika. Muuzaji akikwambia "hii ni G5 bosi", mwambie sawa, hebu tufungue msinfo32 tuone.

RAM, Microsoft wasema 4GB yatosha. Haitoshi. Utafungua Chrome na WhatsApp uanze kungoja. 8GB ndo mwanzo, na diski iwe SSD, ukikuta bado ni diski ya kuzunguka badilisha hiyo kabla hujafikiria Windows yoyote.

Hatua ya 3: TPM na paswadi ya BIOS

TPM ni chipu ya usalama ambayo 11 yaitaka. Windows na R tena, andika tpm.msc. Chini kule tafuta Specification Version, yatakiwa isome 2.0. Ikisema hakuna TPM usikate tamaa, mara nyingi imezimwa tu kwa BIOS, zile setingi za mashine kabla Windows haijawaka. Zima laptopu, iwashe huku wagonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, uiwashe TPM na Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka). Ila Secure Boot kama Windows iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa Legacy, diski yataka igeuzwe kwanza, la sivyo mashine haitawaka, hapo mwone fundi.

Sasa siri ya mashine za ofisi: ukigonga hizo F na ikataka paswadi usiyoijua, ni ya kampuni ya kule, muuzaji ndo aitoe, sio wewe. Na kubwa kuliko hiyo, zengine bado zimesajiliwa kwa kampuni. Hutajua ukiitumia hivi hivi, wala ukipandisha juu kwa juu. Siku utakayoifuta uanze upya ikiwa na intaneti, ndo yakuletea jina la kampuni ya watu na yataka imeili ya mfanyikazi wao. Kwa hiyo wakati wa kununua mwambie muuzaji aifute mbele yako, iunganishwe na wifi, mwone inaamka vipi. Akikataa, toka.

Hatua ya 4: leseni

Command Prompt, slmgr /xpr. Yatakiwa ikwambie permanently activated. Ikikupa tarehe ya kuisha, iliamshwa kwa ujanja au kwa leseni ya kampuni. Kupandisha kutoka 10 kwenda 11 ni bure kwa mwenye leseni halali, mtu akikuitisha pesa ya "leseni ya 11" muulize ni ya nini.

Hatua ya 5: amua

Imepita yote, pandisha. Imefeli prosesa na bado iko ndani ya muda wa kurudisha, irudishe, uongeze kidogo uchukue cha 8. Muda ushapita? Isajili kwa ESU, apdeti za usalama za Windows 10 zinazofika hadi 13 Oktoba 2026, waeza kuipata bure ukiunganisha setingi zako na akaunti ya Microsoft, au dola 30. Au weka Linux Mint, mfumo mwengine wa bure badala ya Windows, kama kazi yako ni browsa na barua yakutosha kabisa. Kuna wanaolazimisha 11 kwa flashi iliyotengenezwa na programu ya Rufus inayoruka masharti haya, inaingia, lakini Microsoft hawakuahidi apdeti, na kwa mashine ya biashara mimi sifanyi. Na kama duka lako latumia printa au programu ya stoku ya kitambo, uliza kwanza kama ina draiva ya 11.

Hatua ya 6: siku yenyewe

Kopi faili zako kwa diski ya nje. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha zile namba 48 za kuifungulia unazo kwa akaunti yako, ziandike na kwa karatasi. Usitumie bando la simu, ni gigabaiti kadhaa, tafuta wifi. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa, manake stima ikipotea katikati betri ndo yakuokoa. Na kwa joto la kaskazi hili iweke juu ya meza, sio kitandani, feni itavuma sana.

Kisha Settings, Update & Security, Windows Update, uiwache ifanye kazi yake.

Ikikuudhi una siku 10 za kurudi 10, kupitia Settings, System, Recovery. Zikiwa chache, fungua Command Prompt kama administreta mara tu baada ya kupandisha uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, zitakuwa 60. Mpaka hapo usifute folda ya Windows.old hata ukiona imekula nafasi vipi, ndo njia yako ya kurudi hiyo.